Joho la siku moja, ripoti isiyosomwa: sherehe za kufunga mwaka shuleni Umoja

Oktoba ikiingia, simu za wazazi wa Umoja hazitulii. Kundi la WhatsApp la kila darasa huleta ujumbe wa namna moja: sherehe ya kufunga mwaka ni Ijumaa, mchango ni kiasi hiki, mwisho wa kulipa ni kesho kutwa. Aliyelipa hubandika ujumbe wake wa M-Pesa wenzake wauone. Asiyekuwa nazo hunyamaza. Siku yenyewe ikifika, kunyamaza kwake humwangukia mtoto.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na huu ni mwaka wa kumi na moja nakaa Umoja, wanangu wanasoma huku. Sisi watu wa Pwani tulioko Eastlands si wachache. Wako walioanzia Pumwani na Majengo tangu enzi za babu zao, na wako waliokuja kufuata kazi wakapata nyumba Umoja, Tena, Donholm au Kayole. Wala jambo hili si la Nairobi peke yake. Mtindo wa majoho, keki na mshereheshaji wa kukodi umeshateremka hadi kwetu. Pita Kisauni, Likoni au Mtwapa shule zikifungwa, utakutana na watoto wa chekechea wamevishwa joho na kofia kama waliohitimu chuo kikuu.

Siandiki kuzikataza sherehe. Mtoto aliyesoma mwaka mzima ana haki ya kufurahi, na mzazi aliyelipa nauli na vitabu mwaka mzima ana haki ya kumpigia makofi. Hoja yangu ni hii: kwa wazazi wengi wa Eastlands, siku ya kufunga mwaka ndiyo siku pekee wanayoingia shuleni bila kuitwa kwa kosa la mtoto wala deni la ada. Siku hiyo tukiimaliza kwa joho na picha, tunarudi nyumbani bila kujua mtoto amefika wapi na mwakani anakwenda wapi. Na kwa mtaala huu wa sasa, kutojua kuna gharama.

Wiki tisa, na mitihani mlangoni

Tuanze na kalenda, maana haraka yote inatoka hapo. Muhula wa tatu ndio mfupi kuliko yote. Mwaka 2025 ulianza tarehe 25 Agosti ukafungwa tarehe 24 Oktoba, yaani wiki tisa. Ndani yake mlikuwa na mapumziko ya kitaifa ya tarehe 10 Oktoba, Siku ya Mazingira, na ya tarehe 20 Oktoba, Siku ya Mashujaa. Kisha Raila Odinga akafariki tarehe 15 Oktoba, na Ijumaa ya tarehe 17 ikatangazwa mapumziko kwa mazishi ya kitaifa. Shule iliyokuwa imepanga shughuli yake Ijumaa hiyo haikuwa na budi kuiahirisha, na mbele yake ilikuwa imebaki wiki moja tu, nayo pungufu ya siku. Shule zilipofungwa, Gredi ya 6 na ya 9 waliingia kwenye mitihani yao ya KPSEA na KJSEA. Huo wa KJSEA ulikuwa unafanywa kwa mara ya kwanza nchini.

Kuna na jambo la zamani kidogo. Mwaka 2016, Fred Matiang'i akiwa Waziri wa Elimu, alipiga marufuku siku za maombi, ziara za wazazi na siku za kutoa zawadi katika muhula wa tatu. Sababu yake ilikuwa nzito: mitihani ya 2015 ilikuwa imevuja vibaya, na ziara hizo zilionekana kuwa mwanya wa kuingizia karatasi. Shule nyingi za sekondari zikahamishia siku zao za zawadi muhula wa pili. Shule za msingi zikabaki na njia nyembamba: ama siku ya mwisho kabisa ya muhula, ama sherehe kwa watoto wadogo wasio na mtihani.

Hapo ndipo mambo yalipopinduka. Tazama ni nani anayefanyiwa sherehe kubwa. Ni mtoto wa PP2, ambaye Januari atavuka uwanja ule ule na kuingia Gredi ya 1. Huyo hukodiwa joho, hukatiwa keki, hupigwa picha ya fremu. Mtoto wa Gredi ya 9, anayeiacha shule hiyo moja kwa moja na kwenda sekondari pevu pengine kaunti nyingine, huondoka kimya baada ya karatasi ya mwisho, mkoba mgongoni. Mzazi wake hakuitwa na mtu. Anayebadilisha maisha hana siku yake, na anayebadilisha chumba ndiye mwenye mahafali.

Hesabu ambayo mzazi hakuambiwa

Sisi tuliosoma 8-4-4 tulizoea jambo moja. KCPE, uliofanywa kuanzia 1985 hadi 2023, ulifunga hesabu zote kwa jumla ya alama za siku tatu. Mzazi alihitaji kujua nambari moja. Ripoti za kila muhula alizitia saini bila kuzisoma, na hazikumdhuru sana, kwa sababu hazikuingia popote.

Sasa zinaingia. Matokeo ya mtoto anapomaliza sekondari msingi yanajengwa kwa vipande vitatu: KPSEA ya Gredi ya 6 ina asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 zina asilimia 20, na KJSEA ya Gredi ya 9 ina asilimia 60. Maana yake ni kwamba kazi aliyoifanya mtoto akiwa Gredi ya 7, na ambayo mwalimu wake aliipeleka kwenye mfumo wa KNEC, iko ndani ya hesabu ya kumpangia sekondari. Nimewauliza majirani kadhaa wenye watoto wa umri huo. Wengi wanajua neno CBC na wanajua gharama ya manila na gundi. Mgawanyo huo wa 20, 20 na 60 hawakuwahi kuelezwa wakiwa wameketi na mwalimu.

Kisha kuna njia tatu za sekondari pevu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, na sanaa pamoja na sayansi ya michezo. Kundi la kwanza la Gredi ya 10 liliingia Januari 2026 kwa utaratibu huo. Uteuzi wa njia na wa shule hufanywa mtoto akiwa bado Gredi ya 9, kabla ya mtihani. Kwa hiyo mzazi wa kuelezwa mapema ni yule wa Gredi ya 8, na wakati wa kumweleza ni mwisho wa mwaka, akiwa na likizo nzima ya Novemba na Desemba ya kuzungumza na mwanawe. Akingoja mpaka aletewe fomu, atachagua kwa kusikia: shule aliyosoma binamu, au njia ambayo jirani amesema ndiyo yenye kazi.

Ndiyo nikasema kutojua kuna gharama. Siku tunayoitumia kusikiliza hotuba za wageni waalikwa ndiyo siku tuliyohitaji kukaa na mwalimu wa darasa dakika kumi.

Mali bila daftari

Tuje kwenye fedha, maana ndizo zinazoamua ni nani atakuja.

Serikali imeweka kiwango cha Sh1,420 kwa mwaka kwa kila mtoto wa shule ya msingi ya umma. Hizo ni za vitabu, chaki, umeme, maji na matengenezo. Hakuna mwalimu mkuu atakayetoa humo turubai, viti, vipaza sauti na soda. Kwa hiyo mzigo huenda kwa mzazi, na hapo sheria inafaa kukumbukwa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29, inakataza shule ya umma kutoza karo. Tozo nyingine zinahitaji idhini ya Waziri kwa kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, mtoto hawezi kuzuiwa kuhudhuria shule kwa sababu hazikulipwa, na hakuna ruhusa ya kukusanya ada yoyote bila kutoa risiti rasmi. Mchango wa sherehe unaotumwa kwenye simu ya mwenyekiti wa darasa, bila risiti na bila hesabu kusomwa baadaye, haukai vizuri na sheria hiyo hata kidogo.

Sisemi kwamba wote wanaokusanya wanakula. Wengi ni wazazi wenzetu wanaojitolea, na mara nyingine huongeza pesa zao wenyewe. Lakini wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hesabu isiposomwa, mwaka unaofuata nusu ya wazazi hawatoi, na wanaotoa hupandishiwa kiwango kufidia wasiotoa.

Shule za binafsi zina hadithi nyingine. Huku Umoja ziko karibu kila mtaa, na zinashindania watoto wale wale. Sherehe ya mwisho wa mwaka imekuwa tangazo la Januari: hema kubwa, muziki unaosikika hadi Moi Drive, video ya kurusha mtandaoni. Shule moja jirani nasi iliomba Sh2,500 kwa kila mtoto wa PP2, zikiwa ni za joho, picha, chakula na zawadi ya mwalimu. Mama mmoja ninayemfahamu, mwenye kibanda cha mboga, alimwambia mwanawe kwamba siku hiyo shule imefungwa. Mtoto wa miaka sita alikaa kibandani akiwaona wenzake wakipita barabarani na majoho yao. Mama yule alificha aibu yake, na mtoto ndiye aliyeibeba.

Lakini nisiwe mkali kupita kiasi kwa joho. Najua mzazi mwingine, mfanyakazi wa nyumbani, aliyekatizwa masomo darasa la sita. Alipomwona mwanawe ndani ya joho alilia kwa furaha. Hakuna haja ya kumnyang'anya furaha hiyo. Jawabu ni rahisi: shule ishone majoho yake mara moja, thelathini au arubaini, yafuliwe na kuwekwa kabatini, yatumike miaka kumi. Fundi wa cherehani yupo pale pale Umoja, na mara nyingi ni mzazi wa shule hiyo. Joho likiwa la shule, hakuna mtoto atakayekosa.

Siku ipi, saa ngapi

Wapangaji hulalamika kwamba wazazi hawaji. Asiyekuwepo na lake halipo, ni kweli. Lakini kwanza tuulize tuliwaita lini.

Ijumaa ndiyo siku ipendwayo, kwa sababu ndiyo siku ya kufunga shule. Shughuli huandikwa kuanza saa nne, huanza saa tano, na saa saba mchana, wakati wa swala ya Ijumaa, ndipo mgeni wa heshima anapoinuka. Baba Muislamu anachagua: amwone mwanawe akipokea zawadi au aende msikitini. Na mwanafunzi Muislamu wa Gredi ya 8 yuko kwenye mtihani huo huo. Sidhani kuna ubaya uliokusudiwa. Ni kwamba mezani walipokuwa wakipanga hapakuwa na mtu wa kusema. Jumamosi ina madrasa asubuhi, na ndiyo siku ya mauzo kwa wenye vibanda Mutindwa na wachuuzi wanaoamkia Gikomba. Jumapili ni ya makanisa. Siku za kati, wafanyakazi wa zamu Industrial Area hawapati ruhusa ila wakiomba mapema.

Siku isiyomkwaza mtu haipo. Lakini zipo njia mbili. Moja ni kutangaza tarehe mapema mno, mwanzoni mwa muhula wa pili, ili mwenye zamu abadilishane na mwenzake. Ya pili ni kuacha kuwaita wote saa moja. Darasa moja lichukue saa mbili asubuhi mpaka saa nne, jingine saa nne na nusu mpaka saa sita, na mengine baada ya saa tisa. Ikiwa lazima iwe Ijumaa, mpango ukatike saa sita kamili na kurudi saa tisa. Mzazi anakuja kwa saa mbili, anaonana na mwalimu, anarudi kibandani. Na asiyeweza kabisa amtume nyanya au shangazi, apokelewe kwa heshima ile ile kama mzazi.

Kwenye chakula nako tufikiriane. Familia za Kiislamu huuliza nyama imechinjwa na nani, na swali hilo likikosa jibu, mtoto hukaa na sahani tupu katikati ya wenzake. Mnaweza kumpata mchinjaji anayekubalika kwa wote, au mkapika kisicho na swali: maharagwe, viazi, mahamri na mbaazi, matunda. Na kwenye dua ya ufunguzi, Katiba yetu katika Ibara ya 8 inasema hakutakuwa na dini ya taifa. Shule ya umma yenye watoto wa dini mbili haidhuriki mchungaji akiomba na kijana wa Gredi ya 7 akasoma Fatiha. Kwa kweli wazazi wake watakuja mbio kumsikia.

Mtaa uliokula uwanja wake

Kuna tatizo ambalo Umoja inalo kuliko mitaa mingi. Baraza la Jiji la Nairobi lilijenga Umoja ya kwanza miaka ya 1970 kwa mkopo uliosimamiwa na shirika la USAID la Marekani. Zilikuwa karibu nyumba 3,000 ndogo, zenye msingi wa chumba na nafasi ya familia kuongeza vyumba kadiri ya uwezo wake. Waliongeza kweli. Kwanza vyumba vya kupangisha uani, kisha ghorofa moja, kisha majengo ya ghorofa nyingi yaliyobanana hata jua haliingii. Watu wakaongezeka mara nyingi, na nafasi wazi zikapungua. Shule nyingi za binafsi zimo ndani ya majengo hayo hayo, na uwanja wake ni ukumbi wa chini au paa.

Oktoba nayo huleta mvua za vuli. Kwa hiyo ukiwaita wazazi wote siku moja unahitaji turubai, na turubai inahitaji mahali pa kusimama, na mahali ni pa kukodi. Nusu ya mchango imekwisha kabla mtoto hajapanda jukwaani. Ukigawa kwa madarasa, kama nilivyosema, darasa lenyewe linatosha: madawati yanasukumwa ukutani, kazi za watoto zinatundikwa, na mvua ikinyesha hakuna anayelowa. Shule za umma za Umoja ambazo bado zina kiwanja zingeweza kuwapa nafasi majirani wasio nacho, siku tofauti na yao. Watoto hawa wanacheza pamoja jioni, na kushirikiana uwanja hakutakuwa kugeni kwao.

Tulichokuwa nacho chuoni

Msomaji wa Pwani hahitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Sisi tuliosomeshwa Qur'ani vyuoni Mombasa tunakumbuka namna siku ya mashindano ilivyokuwa. Kila mtoto alisimama, mdogo kwa sura fupi, mkubwa kwa juzuu, na vijana kwa kasida na dufu. Mama mmoja alileta birika la kahawa, mwingine sinia la visheti, mwingine mkeka. Hapakuwa na kiwango cha kulipa. Na maalim alimweleza baba mbele ya mtoto: huyu matamshi yake bado, mrudishieni nyumbani sura hii. Mzazi aliondoka na kazi ya kufanya.

Mfano ulio karibu zaidi na shule za leo ni madrasa za awali zilizoanzishwa Mombasa miaka ya 1980 kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, Bi Swafiya Said akiwa miongoni mwa waanzilishi wake. Mpango ule uliunganisha malezi ya dini na masomo ya chekechea, ukafika Zanzibar na Uganda. Siri yake haikuwa majengo. Walimu walikuwa wanawake wa mtaa ule ule waliofunzwa kazi, kamati za shule zilikuwa za wazazi, na vifaa vya kuchezea vilitengenezwa kwa vitu vya nyumbani kama vifuu na vizibo. Shule ilikuwa yao, kwa hiyo siku ya shule ilikuwa yao.

Jambo hili si geni hata kwenye mtaala wa serikali. Mwongozo wa mtaala wa 2017 unataja ushirikishwaji wa wazazi kama nguzo mojawapo. Shida ni kwamba tumeufasiri kuwa kununua vifaa vya mradi saa mbili za usiku.

Mpango usiohitaji milionea

Nimezungumza na walimu wawili watatu na wazazi wenzangu, na haya ndiyo niliyoyaona yanawezekana katika shule ya kawaida ya Eastlands.

Chama cha wazazi, ambacho sheria ya 2013 inakitambua na ambacho kila mzazi wa shule ni mwanachama wake, kikae Mei. Kichague tarehe mbili, ya kwanza na ya akiba, kwa kutazama kalenda ya wizara, mapumziko ya kitaifa na ratiba ya KNEC. Tarehe hizo zitumwe kabla ya likizo ya Agosti. Aliyesahau akumbushwe Septemba.

Michezo ya jukwaani isianze upya. Tamasha la Muziki la Kenya limekuwapo tangu 1927, na la drama tangu 1959, na watoto wengi hufanya mazoezi ya nyimbo, mashairi na ngoma kwa ajili ya mashindano ya miezi ya mwanzo na ya katikati ya mwaka. Wengi hutolewa ngazi ya kata au ya kaunti ndogo, na wazazi wao hawakuwaona. Wachezeni hizo hizo. Mcheza kwao hutuzwa. Mwalimu hapotezi wiki mbili za masomo kwa mazoezi mapya, na mtoto anaonyesha kitu anachokijua.

Kila mtoto awe na jambo la kufanya. Si lazima aimbe. Anayeogopa jukwaa aeleze mche aliopanda, asomee wageni aya tatu za Kiswahili, au apokee wazee mlangoni na kuwaonyesha viti. Zawadi za nambari moja, mbili na tatu ziwepo, lakini zisichukue saa nzima huku watoto arubaini wakipiga makofi kwa wale watano wa kila mwaka. Aliyekuwa hajui kusoma Januari na Oktoba anasoma, huyo ndiye wa kuitwa mbele kwanza.

Kisha dakika kumi za kila mzazi na mwalimu wa darasa, ripoti ikiwa mezani. Maswali yawe matatu: mtoto amefika wapi, anakwama wapi, na likizo hii tufanye nini nyumbani. Kwa wazazi wa Gredi ya 8 na ya 9, mwalimu mmoja awaeleze kwa pamoja mgawanyo wa alama na njia za sekondari pevu, kwa Kiswahili chepesi, na wapewe karatasi moja ya kwenda nayo. Hili halina gharama ila ya kutoa nakala.

Wahitimu wa Gredi ya 9 wapewe siku yao baada ya karatasi ya mwisho ya KJSEA, wakati hofu ya mitihani imeshaondoka. Saa mbili zinatosha: neno la mwalimu mkuu, neno la mwanafunzi mmoja, chai, na kuagana kwa mikono. Kijana wa miaka kumi na mitano aliyeagwa vizuri hutafakari kabla ya kuidharau shule iliyomlea.

Na fedha: mchango uwe wa hiari kweli, uingie kwenye akaunti ya shule, utolewe risiti, na hesabu ibandikwe ukutani siku ya pili. Anayeweza kutoa viti atoe viti. Anayeweza kupika apike. Msikiti na kanisa la jirani wana mikeka, masufuria na vipaza sauti, na sijaona imamu wala mchungaji aliyekataa ombi la shule lililoletwa mapema.

Nawajua watakaosema walimu wamechoka, na kweli wamechoka. Muhula wa tatu wana tathmini za kuwasilisha, mitihani ya kusimamia na ripoti za kuandika. Ndiyo maana mpango mzuri hupunguza kazi yao: mazoezi kidogo, hotuba chache, hema hakuna. Na dakika kumi na mzazi Oktoba humwokolea mwalimu ugomvi wa Februari.

Mwaka ujao ukiletewa ujumbe wa mchango, ndugu mzazi, uliza mambo matatu kabla ya kutuma pesa. Risiti iko wapi? Mwanangu atafanya nini siku hiyo? Na mwalimu wake nitamwona saa ngapi? Uliza mbele ya kundi zima, kwa adabu. Utashangaa wangapi walikuwa wanangoja mmoja aanze.